Hodi Mara Tatu: Kuzungumza na Rejista za Chipu ya Basi

"Maalim, hii geji yako inasema tangi limejaa. Tangu jana limejaa. Nishakwenda na wageni mara mbili na kurudi, bado limejaa. Boti yangu siku hizi inakwenda kwa dua?"

Aliyepiga simu ni nahodha wa boti ya kupelekea wageni kutazama pomboo, Kizimkazi. Geji yenyewe niliifunga mimi wiki moja nyuma: kikasha chenye Arduino (kompyuta ndogo ya kibao kimoja, unayoiprogramu mwenyewe), kioo cha tarakimu kubwa zinazosomeka juani, na kibao kidogo chenye chipu ya MCP2515. Kazi ya chipu hiyo ni kusikiliza mazungumzo yanayopita kwenye waya za boti na kuipa Arduino yanayoihusu. Waya zilikuwa nzima. Kipimo cha ndani ya tangi kilikuwa kizima. Chipu nayo nzima. Kilichoharibu kazi ni biti moja, yaani tarakimu moja ya 0 au 1, ya rejista moja, niliyoiwasha kwa mkono wangu na nikasahau kuizima.

Ili ieleweke biti moja inavyogandisha geji, inabidi nianzie mbali kidogo, kwa sababu wengi wanaoanza kuprogramu chipu za aina hii, hata walio hodari wa programu, wanajikwaa pale pale: wanadhani rejista ni mahali pa kuhifadhi kitu.

Tuanze na neno basi. Katika kompyuta, basi ni waya zinazotumiwa kwa pamoja na vifaa vingi, na jina limetoka kule kule lilikotoka basi la abiria, kwenye neno la Kilatini omnibus, yaani kwa wote. Hili ninalolizungumzia linaitwa CAN. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ililitangaza mwaka 1986 kwa ajili ya magari, ili kila kifaa kisitake fungu lake la waya. Ni waya mbili zilizosokotwa, na kila ncha ina rizista ya omu 120. Ukizima umeme ukapima kati ya waya mbili utapata omu 60 hivi; ukipata 120, ncha moja haina rizista yake, na utasumbuka mchana kutwa. Boti za kisasa hulitumia basi hili chini ya jina la NMEA 2000, kwa kasi ya kilobiti 250 kwa sekunde. Humo kila ujumbe una namba ya aina yake: 127505 ni kiwango cha kimiminika tangini, 127488 ni mizunguko ya mashine. Aliyeko kwenye waya anasikia yote, kama ndani ya daladala. Utingo akitaja Darajani hasemi na mtu mmoja. Anayeshuka Darajani atajijua.

Arduino ya kawaida haijui lugha ya CAN. Inajua SPI, ambayo ni mazungumzo ya baiti moja moja (baiti ni biti nane) juu ya waya chache fupi. MCP2515 inakaa katikati: huku inaongea SPI na Arduino, kule inaongea CAN kupitia chipu ndogo ya kuongeza nguvu, inayoitwa transiva. Na mlango wa pekee wa kuingia ndani ya MCP2515 ni rejista zake, kila moja baiti moja, kila moja na anwani yake.

Sasa, kumbukumbu ya kawaida ya kompyuta ni kama kasha la bibi. Unatia kanga, unafunga, ukifungua kesho kanga ni ile ile, na kufungua hakuigeuzi. Rejista nayo ina anwani, nayo unaiandikia na kuisoma, kwa hiyo macho yanakudanganya kuwa ni kasha jengine. Lakini nyuma ya rejista kuna mashine inayofanya kazi. Ukiandika, kuna kitu kinaanza au kinasimama. Ukisoma, unaambiwa hali ya jambo kwa wakati ule, na mara nyengine kule kusoma tu kunaibadilisha hali yenyewe.

Mfano mzuri ni chipu kongwe ya 16550, iliyoendesha bandari za siriali za kompyuta nyingi kwa miaka. Anwani yake ya 2 ina nyuso mbili. Ukiandika hapo, unaamuru foleni za baiti zifanye kazi vipi. Ukisoma hapo hapo, unapewa sababu ya chipu kukuita. Mambo mawili yasiyohusiana, dirisha moja, kama dirisha la ofisi: umeingiza fomu, kinachotoka si fomu yako. Na anwani yake ya 5, inayotoa hali ya laini, alama zake za makosa zinafutika ukizisoma. Mtu akiweka programu ya kuchungulia rejista hiyo ili ajue nini kinaendelea, mchunguliaji ndiye anayekula ushahidi. Nimewaona watu wakitafuta kosa la namna hii siku mbili, na kila wakilitafuta ndivyo linavyozidi kukosekana.

Turudi kwenye MCP2515. Rejista zake mbili kubwa zinakaa jirani: CANSTAT kwenye anwani 0x0E na CANCTRL kwenye 0x0F. (Hiyo 0x ya mbele ni alama tu kwamba namba imeandikwa kwa msingi wa 16.) CANCTRL ni ya kuamuru. Biti zake tatu za juu, ya 7 mpaka ya 5, zinataja hali unayotaka chipu iingie: 000 ni kazi ya kawaida, 001 ni usingizi, 010 ni kujisemea ndani kwa ndani bila ya neno kutoka nje, 011 ni kusikiliza tu bila ya kufungua mdomo, na 100 ni hali ya matengenezo. CANSTAT ni ya kutoa habari, na biti zake tatu za juu zinatumia hesabu hizo hizo kusema chipu iko katika hali gani kweli kweli. Zile za CANCTRL zinaitwa REQOP, jina lililofupishwa kutoka maneno yenye maana ya kuomba hali. Zile za CANSTAT zinaitwa OPMOD, hali yenyewe.

Kuomba. Waliotengeneza chipu hawakusema kuweka, wala kubadilisha. Walisema kuomba, na humo ndimo mlimo somo zima.

Kwetu mtu akifika mlangoni hasukumi mlango. Anapiga hodi, anangoja, akisikia karibu ndiyo anaingia. Asipojibiwa anarudia, na baada ya hodi ya tatu anaondoka zake. Hiyo ni adabu tuliyofunzwa chuoni tukiwa wadogo. Kuandika REQOP ni hodi. OPMOD ndiyo karibu. Programu inayoandika ombi lake kisha ikaendelea na kazi papo hapo imeingia nyumba ya watu bila ya ruhusa, na chipu haitapiga kelele. Rejista za kupanga kasi, CNF1, CNF2 na CNF3, zinakubali kuandikwa katika hali ya matengenezo tu. Ukiziandikia wakati chipu bado iko kwenye kazi ya kawaida, ulichoandika kinapotea kimya kimya. Hakuna onyo, hakuna taa nyekundu. Utakuja kugundua baadaye kwamba basi halikuelewi, na utalilaumu basi.

Kuna kosa la upande wa pili pia, nalo nimelifanya mwenyewe mezani kwangu kabla hata ya kuiona boti. Nilikuwa na kibao kimoja tu, hakina mwenziwe. Nikaiweka chipu kwenye kazi ya kawaida, nikatuma ujumbe wa majaribio, kisha nikataka kuirudisha kwenye matengenezo ili nibadilishe kasi. Baiti nilizotuma kwa SPI ni hizi:

05 0F E0 80

Ya kwanza, 05, ni amri ya kubadilisha baadhi ya biti na kuziacha nyengine. 0F ni anwani ya CANCTRL. E0 ndiyo maski, nayo inafanya kazi kama kadi iliyotobolewa herufi ambayo mafundi hutumia kuandikia namba ubavuni mwa boti: unapitisha brashi ya rangi kadi nzima, lakini rangi inashika penye matundu tu. E0 kwa biti ni 11100000, maana yake matundu matatu ya juu. Rangi yenyewe ni 80, yaani 10000000. Biti tatu za juu zikawa 100, hali ya matengenezo, na tano za chini hazikuguswa.

Baada ya hapo programu yangu ikaanza kusoma CANSTAT, ikingoja 100 ionekane. Ikangoja. Nikenda kunywa chai, nikarudi, bado inangoja. Niliandika mzunguko usio na mwisho: soma, kama si 100 soma tena. Ni mtu aliyesimama mlangoni mpaka usiku, hodi, hodi, hodi.

Chipu ilikuwa hai na hodi iliisikia. Lakini ina sheria yake: haibadilishi hali mpaka imalize kutuma ujumbe uliokwisha kukabidhiwa. Na kwenye CAN ujumbe hauhesabiwi umefika mpaka mtu mwengine kwenye waya aweke biti moja ya kuitikia mahali palipoachwa wazi kwa ajili hiyo. Mezani hapakuwa na mtu mwengine. Kwa hiyo chipu ikawa inatuma, haiitikiwi, inatuma tena, yenyewe kwa yenyewe bila ya programu kuhusika. Kila jaribio linaongeza 8 kwenye hesabu yake ya makosa ya kutuma, mpaka hesabu ifike 128. Hapo inakuwa mnyonge, na sheria za CAN zinasema kwamba mnyonge asiyeitikiwa haongezewi tena. Haifi, haichoki, haimalizi. Umewahi kupiga hodi kwa mtu aliye kwenye sala? Amekusikia vizuri, ila hajibu mpaka atoe salamu. Tofauti ni kwamba shughuli ya chipu yangu ilikuwa haina salamu ya mwisho.

Dawa yake imo ndani ya CANCTRL ile ile. Biti ya 4, inayoitwa ABAT, inaamuru ujumbe wote unaosubiri kutumwa uachwe:

05 0F 10 10

Kisha, jambo linalosahauliwa sana, biti hiyo hiyo ishushwe kwa 05 0F 10 00, la sivyo amri ya kuacha inabaki imesimama. Na mzunguko wa kungoja nikaupa mpaka: milisekunde 10, zikipita programu inarudi na kusema imekataliwa. Ikikataliwa mara tatu inatuma baiti C0, amri ya kuianzisha chipu upya, ambayo huirudisha kwenye matengenezo moja kwa moja. Wanaofanya majaribio na kibao kimoja watumie hali ile ya kujisemea ndani kwa ndani. Ndiyo kazi yake, na mimi nilikuwa naijua.

Kabla ya yote hayo kuna swali dogo ambalo siku hizi siachi kuliuliza kila ninapowasha chipu hii: upo? Baada ya kuanzishwa upya, CANCTRL lazima iwe 0x87. Kwa biti ni 10000111: 100 ya juu ni matengenezo, na 111 ya chini inasema chipu itoe mapigo ya saa yake kwenye mguu wa 3, yakiwa yamegawanywa kwa 8. Nasoma anwani 0F. Nikipata 87, waya ni sahihi na chipu imeamka. Nikipata FF au 00, hapana anayejibu, nimesoma waya mtupu, na hakuna haja ya kuhangaika na kasi wala maski mpaka nishike bisibisi.

Mguu wa 3 ungeniokoa aibu iliyofuata, lau ningeupima.

Kasi ya CAN inapangwa kwa kuikata biti moja vipande vidogo vya muda, na urefu wa kipande unatokana na kristali, inayopiga saa ya chipu, iliyo juu ya kibao. Kama kristali ni ya megahezi 8 na kigawanyo kimeachwa sifuri, kipande kimoja ni nanosekunde 250. Biti moja kwa kilobiti 250 ni mikrosekunde 4, maana yake vipande 16. Vipande hivyo vinagawiwa: kimoja cha kulinganisha saa, viwili vya safari ya waya, saba kabla ya kusoma biti, sita baada yake. Ukivitia kwenye rejista inakuwa CNF1 ni 00, CNF2 ni B1, CNF3 ni 85. Hesabu hii inamtisha mtu mara ya kwanza, lakini ni kujumlisha tu: 1 na 2 na 7 na 6.

Programu saidizi niliyoishusha mtandaoni ilikuwa na hesabu tayari, na mimi nikaiamini. Ilikuwa imeandikwa kwa kristali ya megahezi 16.

Nilipofika kwenye boti nikawasha, kimya. Bahati nzuri nilikuwa nimeiweka chipu kwenye hali ya 011, kusikiliza tu, na nawasihi wenzangu wasiingie kwenye basi la watu kwa hali nyengine mara ya kwanza. Chipu yenye kasi isiyo sahihi ikiwa kwenye kazi ya kawaida haikai kimya. Kila ujumbe unaopita inauona umeharibika, na kwa mujibu wa sheria inapaza alama ya kosa, biti sita mfululizo za nguvu, ambazo zinauharibu ule ujumbe kwa kila mtu. Kifaa kimoja kisichoelewa lugha kinavunja mkutano mzima. Kwenye boti maana yake ni geji ya mizunguko ya mashine kurukaruka mbele ya nahodha, na nahodha kukutazama wewe.

Katika hali ya kusikiliza tu, MCP2515 ina msaada mmoja mzuri wa kutafutia kasi. Rejista ya CANINTF, anwani 0x2C, ndiyo ya alama za matukio: biti ya 0 inasema sanduku la kwanza limepokea ujumbe, biti ya 1 sanduku la pili, na biti ya 7, MERRF, inasema nimeona ujumbe uliovunjika. Unapanga kasi moja, unafuta alama, unangoja sekunde moja, unatazama. MERRF imesimama? Si kasi hii. Imesimama biti ya 0 peke yake? Umefika. Nikaziwasha ruhusa za alama hizo kwenye rejista ya CANINTE, anwani 0x2B, ili kila zinapotokea mguu wa INT wa chipu ushuke na Arduino ijue. Nikapita kasi moja moja. Iliyokubali ni ile ambayo programu saidizi inaiita 500.

Boti ya NMEA 2000 haiendi 500. Nikavaa miwani, nikainama juu ya kibao. Kwenye kibati cha kristali imeandikwa, kwa herufi za kuchongwa, 8.000. Saa yangu ilikuwa nusu ya ile programu iliyodhani, kwa hiyo kila kasi niliyoitaja ilitoka nusu: nikisema 250 inakwenda 125, nikisema 500 inakwenda 250. Mguu wa 3 ungenipa megahezi 1 badala ya 2. Nikatia hesabu zangu za B1 na 85, tarakimu zikatokea kwenye kioo, nikakusanya vyombo vyangu nikarudi mjini na furaha zangu.

Sasa nifafanue jambo moja ambalo karatasi za chipu hulipitia kwa neno moja moja ndani ya majedwali: si kila biti ya habari ni ya namna moja. Simama ukutani Forodhani maji yakipwa. Utaona mambo mawili. Kuna maji yenyewe, yako pale yalipo sasa hivi. Na kuna mstari wa unyevu juu ukutani, unaokwambia maji yalifika wapi. Maji yakishuka mstari unabaki. Biti za habari nazo ziko hivyo. Nyengine ni maji: zinasema hali ya sasa, hali ikipita na zenyewe zinapita. Nyengine ni mstari: zikisimama zinabaki zimesimama mpaka wewe uzifute.

Kwenye MCP2515 zote mbili zinapatikana ndani ya rejista moja, EFLG, anwani 0x2D. Biti yake ya 5, TXBO, inasema chipu imetolewa kwenye basi kwa sababu hesabu ya makosa ya kutuma imepita 255. Hiyo ni maji. Chipu ikishaona biti 11 za ukimya mara 128, inarudi yenyewe, na TXBO inashuka. Biti 1,408 kwa kilobiti 250 ni chini ya milisekunde 6. Mtu anayeisoma EFLG mara moja kwa sekunde anaweza kukaa mwezi mzima na chipu inayotolewa na kurudishwa mara kwa mara, na asiione hata siku moja. Lakini biti za 6 na 7 za rejista hiyo hiyo, zinazosema masanduku ya kupokea yamefurika, ni mstari: zinabaki mpaka programu izifute.

CANINTF yote ni mstari. Na kuufuta kwenyewe kuna mtego. Njia inayomjia kila mtu kichwani ni kusoma rejista, kuondoa biti yako, kuandika iliyobaki. Umesoma 01, umeondoa 01, unaandika 00. Lakini kati ya kusoma na kuandika imepita nafasi, na ndani yake ujumbe mwengine umeingia sanduku la pili, biti ya 1 imesimama. Wewe hukuiona, na 00 yako imeifuta. Ujumbe uko ndani ya sanduku, alama yake hakuna, na unaofuata unaweza kuingia juu yake. Ndiyo maana ile amri ya 05 na kadi yake ya matundu ipo. 05 2C 01 00 inafuta biti ya 0 tu. Lililotokea pembeni linabaki.

Chipu nyengine zinautatua mtego huu kinyume nyume. Kwenye basi la PCI la kompyuta za mezani, rejista ya hali inafutwa kwa kuandika 1. Ukiandika 0 juu ya biti, haiguswi. Inaonekana kama mzaha mpaka uelewe kwamba hapo huhitaji maski: unaandika 1 kwenye zile ulizoziona tu. Ila mtu aliyezoea soma-badilisha-andika akija na desturi yake hapa atafuta kila alama iliyosimama, kwa sababu amezirudisha 1 zote. Hakuna kanuni ya jumla. Kila chipu ina mila yake, na karatasi yake ya maelezo lazima isomwe, na isomwe ile safu nyembamba ya jedwali inayosema biti hii inasomwa tu, inaandikwa tu, au inafutwaje.

Naam, nahodha.

Nilikwenda Kizimkazi siku ya pili yake. Nikamwomba afungue swichi bila ya kuwasha mashine. Geji ikasema robo tatu. "Ukizima na kuwasha inasema kweli," akanambia, "kisha inaganda." Nikamwomba awashe mashine. Ikanguruma, na tarakimu zikabaki pale pale. Tukamtuma kijana mmoja akafunga bomba la kupandisha mafuta na kutoa kidumu kimoja kutoka tangini. Bado robo tatu.

Nikaunganisha kompyuta yangu, nikasoma CANINTF. 0x83. Kwa biti, 10000011. Masanduku yote mawili yamejaa na hayajachukuliwa, na juu yao, biti ya 7, MERRF.

Hapo nikacheka peke yangu, na nahodha akataka kujua kinachochekesha. Mashine inapowaka, umeme wa kuanzishia unatikisa waya zote za boti, na ujumbe mmoja unaopita wakati ule unavunjika. Jambo la kawaida kabisa. CAN limeundwa livumilie hilo. Lakini mimi nilikuwa nimeacha ruhusa ya MERRF imewashwa tangu siku ya kutafuta kasi. Ujumbe ukavunjika, MERRF ikasimama, mguu wa INT ukashuka. Arduino ikaja mbio, ikatazama biti ya 0 na ya 1, haikuona ujumbe, ikarudi. MERRF haikuifuta, kwa sababu programu yangu haikuwa na mstari hata mmoja wa kuifuta. INT ukabaki chini, kwani unabaki chini maadamu kuna alama moja iliyosimama na yenye ruhusa. Nami nilikuwa nimeiambia Arduino isikilize ule mshuko tu, wakati mguu unapotoka juu kwenda chini. Mguu uliokwisha kuwa chini haushuki tena. Ni kama mtu anayeitika kengele inapoanza kulia tu: ikianza asubuhi isinyamaze, kwake yeye kengele mpya haitolia milele. Ujumbe wa tangi ukaingia sanduku la kwanza, hapana aliyekuja kuuchukua. Mwengine ukamwagikia la pili. Baada ya hapo kila uliokuja ulikuta pamejaa. Mezani kwangu hakukuwa na mashine ya kuwasha, kwa hiyo hakukuwa na ujumbe uliovunjika.

Nikatuma 05 2B 80 00 kuondoa ruhusa, 05 2C 80 00 kufuta alama, na kwenye programu nikaongeza kwamba Arduino ikishaitwa isiondoke mpaka INT uwe umepanda juu kweli, si mpaka idhani imemaliza. Tukawasha na kuzima mashine mara kumi. Tarakimu zikawa zinatembea. Kijana akarudisha petroli, zikapanda.

Jioni simu ikalia.

"Maalim, sasa inasema nusu."

"Na wewe unasemaje?"

"Nimetia kijiti ndani ya tangi," akasema. "Nusu."